Mwalimu Alipomsindikiza Mgeni

Jumanne iliyopita niliamka Kilburn, London, nikatandua shuka kitandani, nikakunja nguo zangu ndani ya begi, nikaacha ufunguo juu ya meza ya jikoni na kutoka. Sikuwa na mpango. Mwenye nyumba hakuwa amenikosea, wala mimi sikuwa nimemkosea. Hali hii hunijia kama kiu: asubuhi moja naona nimeshakijua chumba, najua bomba lipi linalia na jirani yupi anakohoa, na miguu inakataa kukaa. Wenzangu wa rika langu wana nyumba, na watoto wanaowajibu kwa Kiingereza. Mimi niliacha shule mapema, nikafanya kazi za kila namna, na hadi leo mali yangu ni begi moja.

Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikaketi ghorofa ya juu, mbele kabisa. Nilipoingiza mkono begini kutafuta skafu nikagusa kitabu. Hukaa chini kabisa ya begi, nami husahau kuwa ninacho mpaka siku za kuhama. Nilikifungua na harufu ikanipanda puani, kafuri na mvuje, baada ya miaka yote hii. Basi likakata kona, nami nikawa na miaka kumi, nimesimama kwenye jiko la nyumba moja kule Queensbury nimebana pumzi.

Ni kitabu chembamba, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Kila ukurasa una safu tatu. Ya kwanza ina maelezo marefu ya Kiingereza, kwa mfano mtu anayetembea akiwa usingizini. Ya pili ina neno moja tu la Kiingereza linalobeba maelezo yote hayo, somnambulist. Ya tatu ina maana yake kwa Kihindi, kwa zile herufi zao zinazoning'inia chini ya mstari. Vitabu vya namna hii huchapishwa India kwa vijana wanaotafuta kazi za serikali, kwa sababu maneno hayo huulizwa kwenye mtihani. Hiki kilifikaje London sijui. Pembeni ya safu ya tatu, kwa penseli, kuna safu ya nne ambayo mchapishaji hakuiweka: Kiswahili. Hiyo ni kazi ya Mwalimu, isipokuwa mstari mmoja wa mwisho ambao ni mwandiko wangu.

Mwalimu alikuwa mama mzee wa Kihindi, Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu na kufundisha huko shule ya wasichana kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Alikuwa mjane. Mwanawe, Ashok, alikuwa na duka la dawa upande mwingine wa mji, akaona mama yake hawezi tena kukaa peke yake. Ndipo akamwajiri mama yangu awe carer wake, yaani mtunzaji wa kulala hapo hapo. Mama alikuwa na mimi, nilikuwa nimetoka Voi si muda mrefu, na Ashok akakubali nikae "kwa sasa". Tulilala chumba kidogo kilichokuwa juu ya mlango wa mbele, kitanda kimoja, magoti yangu mgongoni kwa mama. Kila nilipoacha soksi ukumbini mama alininong'oneza maneno hayo hayo: "Kumbuka tuko hapa kwa sasa."

Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa cha dukani na jikoni, hakikujali ngeli, lakini alikitumia bila haya kama mtu anayevaa viatu vyake vya zamani. Siku ya kwanza aliniita sebuleni.

"Shule nafundisha wewe nini?"

"Napaka rangi, Mwalimu."

Ilikuwa kweli. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, na shuleni waliniweka meza ya nyuma na kopo la kalamu za rangi.

"Miaka kumi, napaka rangi," akasema, akimgeukia mama kama kwamba ndiye aliyetoa hizo kalamu. "Mary, leta rula."

Basi tukaanza. Kila siku baada ya shule niliketi mbele yake kwenye kigoda. Yeye husoma maelezo ya Kiingereza, halafu hupiga rula mezani. Mimi hutoa neno. Rula tena. Yeye hutamka Kihindi chake, neend mein chalne wala, na mara hiyo hiyo hukigeuza Kiswahili ili nielewe: "Yeye nalala, na natembea. Macho fungwa." Kwa hiyo nilijifunza Kiingereza kwa kupitia mlango wa Kihindi na dirisha la Kiswahili, na hadi leo siwezi kusikia neno "immortal", asiyekufa, bila kusikia "amar" nyuma yake, na sauti ya rula.

Nilipenda masomo hayo kupita kiasi. Watu hushangaa nikisema hivyo, maana niliacha shule. Lakini kitabu kile hakikuwa shule. Nilishangaa kwamba mtu anayekula kila kitu ana jina lake, na mtu ajuaye lugha nyingi ana lake, na kitu kisichofutika kina lake. Nilianza kutafuta kisasi pia. Kila siku Kiingereza kilishinda kwa neno moja na Kiswahili chetu kikahitaji sentensi. Nikataka neno letu moja ambalo Kiingereza kingehitaji mstari mzima kulieleza.

Nililipata siku moja nikiwa njiani kutoka shule, nikakimbia nalo.

"Mwalimu, kusindikiza."

"Nini hiyo?" Alijua, ila alitaka maelezo. Mwalimu ni mwalimu.

Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza. Mgeni anaondoka. Humwachi mlangoni. Unatoka naye, mnatembea, mnaongea, mpaka pale njia yake inapoanza. Hapo mnaagana, nawe unarudi.

Aliwaza, akajaribu maneno mawili matatu ya Kiingereza na kuyatupa moja baada ya jingine. "Hiyo ni kusimama mlango, napunga mkono," akasema. "Hii natembea." Kisha uso wake ukafunguka. "Kisumu sisi nafanya hivyo. Mgeni hapana enda peke yake. Aibu."

Akanipa penseli niandike mwenyewe, ukurasa wa mwisho. Maelezo safu ya kwanza, kwa Kiingereza changu kibovu. Safu ya pili tukaiacha tupu. Safu ya nne, kusindikiza. Tangu siku hiyo Mwalimu alimsindikiza kila aliyekanyaga nyumba ile: muuguzi, jirani, mtu wa kusoma mita. Alitoka naye mpaka getini, mama nyuma yake kashika kandambili.

Sasa naona kwamba hata siku zile alikuwa ameanza kupotea. Wakati huo nilichoona ni vitu vidogo vya kuchekesha. Alikunywa chai na dakika tano baadaye akaiulizia. Alimwita mama Atieno. Mama akaniambia Atieno alikuwa msichana wa kazi kule Kisumu. "Atieno, veranda chafu," Mwalimu angesema, nasi hatukuwa na veranda. Mama aliitika, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti iliyonyooka kama waya, kisha akaenda kusimama jikoni ametazama ukuta. Siku moja gesi iliachwa wazi bila moto. Baada ya hapo mama alivichomoa vifundo vyote vya kuwashia jiko na kuvitia mfukoni mwa aproni, akawa anatembea vikigongana.

Jumapili moja Ashok alikuja na hakuvua koti. Aliongea na mama jikoni kwa Kiingereza, mlango umerudishwa, nami nikiwa ngazini.

"Alhamisi atakuja mtu wa kaunsili," alisema. "Atampima kumbukumbu. Wakiona bado anajiweza, anabaki hapa na wewe. Wakiona hajiwezi, anakwenda kwenye makao ya wazee, na nyumba tunaifunga."

"Na sisi?" mama akauliza.

Ashok akageukia mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mifuko miwili ya vitunguu na ndizi alivyomletea mama yake, na akasahau kuiweka chini.

Alipoondoka mama alinikuta ngazini, akaketi ngazi moja chini yangu. Hakunificha. "Mwalimu akishindwa Alhamisi, tunatoka," akasema. "Na sijui tunatoka kwenda wapi."

Kumpima kumbukumbu. Nililizungusha jambo hilo kichwani usiku na mchana, na nikalielewa kwa namna moja tu ambayo mtoto wa shule, tena wa kwetu, angeweza kulielewa. Ni mtihani. Mtihani una kitabu chake. Na Mwalimu alikuwa nacho kitabu, kilichoandikwa kabisa kwenye jalada kwamba ni cha mtihani wa serikali. Watu wa kaunsili ni serikali. Nani angeweza kumshinda?

Kwa hiyo kuanzia Jumatatu nilishika rula mimi.

"Mtu asiyeamini Mungu."

"Atheist. Naastik. Wewe natania mimi?"

"Kitu kisichofutika."

"Indelible. Amit. Hapana futika."

Hakukosa hata moja. Maneno mia tatu, kutoka mbele kwenda nyuma, kutoka nyuma kuja mbele. Nilipanda kulala nimejaa furaha, nikamwambia mama asiwe na wasiwasi. Mama aliniangalia, akasema, "Muulize amekula nini mchana."

Kesho yake nikamuuliza. Mwalimu alitazama dirishani. "Chakula hapana kuja bado," akasema, na sahani yake ya dengu ilikuwa bado iko mapajani. Nikakasirika. Sijui kwa nini nilikasirika hivyo. Nilipiga rula mezani kwa nguvu kuliko yeye alivyowahi kupiga, nikamwambia, "Dengu, Mwalimu. Dengu. Sema." Akarudisha mikono yake kifuani kama msichana aliyechapwa. "Dengu," akasema. Niliiweka rula chini, nikarudi kwenye kitabu haraka, kwenye maneno aliyoyajua, mpaka akaacha kunitazama vile.

Alhamisi sikwenda shule. Nilisema tumbo linaniuma. Mama alimvisha Mwalimu sari yake ya kijivu, ile ya kufundishia, akamchana nywele na kumpaka mafuta ya kafuri kwenye magoti. Mwalimu akataka rula yake, akapewa.

Nilimtarajia mtu mwenye sura ya polisi. Alikuja mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya upole, viatu vya raba vimelowa mvua, kadi yenye picha yake ikining'inia shingoni. Mama alinisukuma jikoni. "Kaa hapo. Hata kukohoa usikohoe."

Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha ukutani cha kupitishia sahani, chenye mlango mdogo wa mbao. Niliusogeza kidole kimoja. Nilimwona Mwalimu uso kwa uso. Mgeni alinipa mgongo. Mama alikuwa amesimama pembeni ya kiti cha mgeni, mkono mfukoni.

"Leo ni siku gani?" mgeni akauliza kwa Kiingereza.

Mwalimu akaitazama rula. "Siku ya mtihani."

Mgeni akacheka kidogo, akaandika. Nikangoja aulize mtu anayetembea usingizini. Hakuuliza. Aliuliza kama moto ukiwaka jikoni Mwalimu atafanya nini. "Nitamwita Mary," Mwalimu akasema, na nikaona mabega ya mama yakishuka. Halafu mgeni akasema atamtajia vitu vitatu, avikumbuke, atamuuliza tena baadaye: mwavuli, samaki, kiti. Wakaongea mambo mengine, mji aliozaliwa, wanafunzi wake. Mwalimu akachangamka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba hakuna kitabu. Kila nilichomfundisha wiki nzima hakikuwa na kazi.

"Sasa, vile vitu vitatu?"

Niliona macho ya Mwalimu yakizunguka chumba, kwenye picha ya mumewe, kwenye pazia, kwenye mikono yake. Ndani ya aproni vifundo viligongana mara moja.

Nilifungua kidirisha chote. Nikainua ngumi juu ya kichwa na kuifungua vidole kama mwavuli unaofunguka.

Mwalimu alinitazama. Alinitazama vile alivyonitazama kila nilipochelewa kujibu, jicho moja limefinywa. "Mwavuli," akasema taratibu.

Nikaunganisha viganja na kuvitikisa kama samaki majini.

"Samaki."

Nikanyanyua kigoda.

"Kiti," akasema, na akapiga rula kwenye mkono wa kiti chake kufunga somo.

Mama alikuwa ameniona. Mgeni akafunga faili lake, akamwambia mama kwamba kwa alivyoambiwa alitegemea kukuta hali mbaya zaidi ya hii. Mama akaketi. Akaketi kwenye ukingo wa kochi, sebuleni mwa Mwalimu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

Mgeni alisimama kuchukua koti. Mwalimu naye akasimama.

"Ninakusindikiza," akamwambia, sentensi yote ya Kiingereza isipokuwa neno hilo moja. "Mwanafunzi wangu ndiye aliyenipa neno hili. Kwenye kitabu halimo." Akamweleza maana yake yote, vizuri kabisa, bila kukosea, na mgeni akafurahi, akasema hajawahi kusindikizwa na mtu yeyote tangu aanze kazi.

"Mwalimu, nje kumelowa," mama akasema kwa Kiswahili. "Na mgeni ana haraka."

"Atieno, toa njia," Mwalimu akajibu, kwa Kiswahili vilevile, na akatabasamu kwa mgeni.

Mama angefanya nini? Angebishana naye mbele ya mgeni? Akapisha. Getini Mwalimu hakusimama. Walikuwa wakiongea, ameshika mkono wa mgeni, akaendelea kutembea, kwa sababu nilimwambia mwenyewe kwamba unatembea mpaka njia ya mgeni inapoanza, na njia ya mgeni ilianza kwenye kona ya basi.

Mama akaja jikoni mbio. "Mfuate. Mimi nikitoka mgeni ataona namlinda. Wewe ni mtoto, utaonekana unacheza."

Nikatoka hadi getini. Nyumba za mtaa ule zimefanana kama mayai: ukuta wa vijiwe vidogo, dirisha lililotokeza mbele, kijiukuta kifupi, geti la chuma. Walifika konani. Mgeni akamshika mikono yote miwili, wakaagana. Mwalimu akageuka kurudi. Nikamwona akisimama.

Alitazama nyumba, moja, ya pili, ya tatu. Halafu akanitafuta mimi. Najua alinitafuta mimi, kwa sababu jicho lake moja lilifinyika, kama sebuleni dakika kumi zilizopita. Hatua thelathini hazikutimia kati yetu. Nilichotakiwa ni kuinua mkono.

Lakini nyuma yake mgeni alikuwa bado amesimama konani, anatazama, anatabasamu. Voi, ukikamatwa unampa mwenzako jibu, mwalimu huchana karatasi zote mbili. Mkono wangu ulikuwa umefika kifuani. Nikaushusha. Nikainama nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Nilipoinua kichwa Mwalimu alikuwa ameingia geti jingine, nyumba nne kabla ya yetu. Alifungua ncha ya sari yake, akatoa ufunguo uliofungwa humo, akautia mlangoni. Haukuzunguka. Akautoa, akaufuta kwa sari, akautia tena. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na subira ya mtu aliye kwake.

Tabasamu la mgeni liliondoka polepole. Akarudi. Aliingia kwenye lile geti na kumuuliza Mwalimu kwa upole, "Mama, nyumba yako ni ipi?"

Mwalimu akautazama mtaa wote. Akajibu kwa Kiswahili. "Iko nyuma ya duka ya nguo. Uliza mtu yeyote, nasema nyumba ya Mwalimu."

Mgeni akanigeukia mimi. "Anasema nini?"

Nilikuwa na maneno mia tatu ya Kiingereza kichwani. Sikupata hata moja.

Mgeni aliutazama ufunguo mlangoni. Kisha akaketi juu ya kijiukuta kile kilicholowa, akafungua faili mapajani, akakata mstari, akaandika upya. Aliandika kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa bado anazungusha ufunguo.

Jioni, tukipanga sahani, nilimwambia mama. "Niliinama."

"Niliona," akasema. "Nilikuwa dirishani." Akaendelea kukausha sahani. Ningependelea anipige.

Barua ya kaunsili ilikuja, na Ashok akaja na barua yake. Aliketi kwenye ngazi, mahali pangu, akatuambia tuna wiki mbili. Alisema samahani kwa mama mara tatu. Mama alimpa chai.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama hakuwa na mpango zaidi ya kusikia kwamba Barking kuna Waafrika wengi na kwamba kanisani watu huko huambiana vyumba. Tulikuwa na sanduku moja na mfuko wa plastiki. Ashok alikuwa ndani anapakia vyombo. Tulimuaga Mwalimu sebuleni, tukafika getini, na nikasikia kandambili nyuma yetu.

"Nasindikiza," akasema.

"Hapana, Mwalimu, rudi ndani," mama akasema, lakini yeye alikuwa ameshashika upande mmoja wa mfuko. Tukatembea hadi kona. Tukaagana. Na hapo tukabaki tumesimama, kwa sababu hatukuweza kumwacha kwenye kona ile. Basi nikamshika mkono, nikamrudisha hadi getini. Alipofika getini akageuka, akaona mama konani na sanduku, mgeni anaondoka peke yake. Akatoka tena. Tukaenda wote hadi kona. Nikamrudisha tena. Mama alianza kucheka, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja, kisha nikaona si kicheko.

Mara ya tatu niliuweka mkono wake juu ya chuma cha geti, pale palipokuwa na kutu. "Hili ndilo geti letu, Mwalimu. Lina kutu hapa. Shika."

"Letu?" akasema. "Langu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitumia ngeli sawasawa. Kisha akatoa kitabu kwenye mkunjo wa sari na kunipa. "Peleka. Mtihani iko mbele."

Ashok alitoka, kamba za viatu hazijafungwa. Alimshika bega. Miezi yote ile hatukuwahi kumsikia akisema nasi ila kwa Kiingereza, na sasa alisema kwa Kiswahili cha mtoto wa Kisumu, "Mama, kuja. Kuja ndani." Naye akaenda.

Barking tulipata chumba kabla jua halijazama, kwa Mama Beya, Mkongo aliyekuwa na mikono mipana na nyumba iliyojaa masufuria. "Ingieni, ingieni. Chumba kiko kule yulu," alisema, akionyesha ngazi. "Huyu mutoto iko na njaa?" Mama aliketi kitandani na viatu vyake, akafumba macho. Mimi nilishuka, nikatoka, nikatembea hadi kona na kugeuka kuitafuta nyumba. Milango yote ilikuwa myekundu. Nilirudi mara tano, mpaka Mama Beya akafungua dirisha na kuuliza ninatafuta nini.

"Nyumba," nikamwambia.

"Si iko hapa," akasema.

Jumanne iliyopita pia nilimalizikia Barking, mtaa mwingine. Niliona kadi kwenye dirisha la saluni, nikapiga simu, akaja kijana wa Kitanzania mwenye haraka, akanionyesha chumba, akanikabidhi ufunguo. Alipogeuka kuondoka nikatoka naye.

"Huna haja, dada," akasema.

"Nakusindikiza tu."

Akacheka, tukaongea habari za Tanga hadi kona. Tukaagana, akavuka barabara. Nikageuka. Nyumba zilikuwa zimejipanga, zote kijivu, zote na mapipa matatu mbele. Nilihesabu, nikakosea, nikahesabu tena. Ni ile yenye geti lililoinama. Nilipofika sikuingia mara moja. Nilisimama pale, nikatazama kona nilikotoka, ambako hakukuwa na mtu, na nikainua mkono wangu juu kadiri ulivyoweza kufika.